Ukitaka kuijua timu ya besiboli ya chuo, muulizie kocha msaidizi

Wadau habari zenu. Nimekaa Knoxville, Tennessee, miaka ya kutosha sasa na mji huu ukifika mwezi wa pili unageuka kabisa, besiboli ya vyuo inaanza na kila unayekutana naye dukani ana neno la kusema kuhusu kikosi. Waswahili wenzangu wengi huku bado wanafuatilia mpira wa miguu tu, siwalaumu, ila wachache walioanza kuja uwanjani swali lao la kwanza huwa kocha ni nani. Mimi huwa nawaambia sawa, kocha mkuu mnamjua, anaonekana kwenye tv, anahojiwa, anafukuzwa akifungwa. Sasa niambieni benchi lake la ufundi lina nani, maana kwenye huu mchezo, hasa ngazi ya chuo, wale wasaidizi wawili watatu ndo wanaobeba timu, na kwa miaka mingi mmoja wao alikuwa anafanya kazi hiyo bila hata senti ya mshahara. Hilo la mwisho linaniuma sana na nitalifikia.

Kwanza tuelewane timu inavyokaa. Chuo cha daraja la juu, wanaloliita Divisheni ya Kwanza ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani), kinacheza mechi mpaka 56 kabla ya mtoano, na vyuo vyenye timu za ngazi hiyo viko kama 300 hivi. Wachezaji kikosini walikuwa wanafika 35, baadhi ya miaka zaidi ya hapo, na kwa muda mrefu sheria ilisema kocha mkuu mmoja, wasaidizi wawili wa kulipwa, basi, afu mmoja wa kujitolea. Watu watatu wenye mshahara kwa vijana wote hao! Wakati huo huo futiboli ya Kimarekani kwenye chuo hicho hicho ilikuwa na wasaidizi kumi wa kulipwa. Kwa hiyo msaidizi wa besiboli hana namna ya kuwa na kazi moja. Utakuta mtu mmoja ni kocha wa kupiga (anafundisha wapigaji), ni kocha wa wadakaji (wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira), ni mkuu wa usajili, na mechi ikianza anasimama pembeni ya besi ya kwanza (besi ni vituo vinne ambavyo mkimbiaji anapitia ili apate pointi) na saa mkononi anapima mrushaji wa wapinzani, yule anayemrushia mpigaji mpira, anatumia sekunde ngapi kuachia mpira ili ajue kama mkimbiaji wake anaweza kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia mpira ukiwa unarushwa.

Ila kazi ninayoipenda kuitazama kuliko zote ni ya kocha wa warushaji. Huyu ni kama kocha wa makipa kwa jinsi anavyofanya kazi na kundi dogo lenye mazoezi yake ya peke yake, ila uzito wake ni mkubwa mara kumi, kwa sababu mrushaji ndo anaanzisha kila kitu uwanjani. Kwenye ligi kuu ya Marekani kwa kawaida mdakaji na mrushaji wanaelewana wao wenyewe mpira gani urushwe. Chuoni sivyo, timu nyingi uamuzi unatoka benchi. Kaa karibu na benchi utaona: mdakaji anachuchumaa, anageuza shingo kumwangalia kocha, kocha anapaza sauti namba tatu, labda mbili, moja, nne, mdakaji anaangalia kikaratasi kilichofungwa mkononi kama saa pana, mrushaji naye anaangalia chake, na kwenye hicho kikaratasi 214 ina maana mpira wa kupinda uende chini upande wa nje. Wapinzani wanasikia namba yote lakini haiwasaidii kitu maana namba zinabadilishwa. Siku hizi vyuo vingi vina kifaa cha kielektroniki, kocha anabonyeza tu na ujumbe unatokea mkononi kwa mchezaji, ila mwenye kuamua ni yule yule msaidizi, mpira baada ya mpira, mechi nzima. Mpigaji akipiga mpira ukavuka ukuta tunamzomea mrushaji mwenye miaka 19 wakati mpira ule aliuchagua mtu mzima aliyeegemea ngazi za benchi.

Afu kuna mafunzo yenyewe. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Tennessee, tumemwona kijana anaitwa Ben Joyce, Mei 2022 alirusha mpira wa maili 105.5 kwa saa, hiyo ni karibu kilomita 170, na alikuwa bado mwanafunzi. Kocha wa warushaji alikuwa Frank Anderson, mzee ambaye historia yake inafundisha mengi kuhusu hizi kazi. Aliwahi kuwa kocha wa warushaji Texas, wakachukua ubingwa wa taifa 2002, akapanda akawa kocha mkuu Oklahoma State toka msimu wa 2004 mpaka 2012, halafu akarudi tena kuwa msaidizi, kwanza Houston, kisha Tennessee kuanzia msimu wa 2018. Kwetu mtu akitoka ukuu akawa msaidizi watu wanasema ameshuka. Huku hapana, kocha aliyewahi kukaa kile kiti akikubali kurudi kushika warushaji peke yake ni mali, anajua kocha mkuu anawaza nini kabla hajasema.

Mwingine ambaye kila nikipata nafasi namsimulia ni Wes Johnson. Huyu alianzia kufundisha timu za sekondari huko Arkansas, hakuwa nyota wa ligi kuu wala nini, akapanda vyuo kimoja baada ya kingine, Dallas Baptist, Mississippi State, Arkansas, mpaka timu ya ligi kuu, Minnesota Twins, ikamchukua moja kwa moja kutoka chuoni kwenda kuwa kocha wa warushaji msimu wa 2019. Haikuwa jambo la kawaida kabisa. Kilichomfanya atafutwe ni kwamba aliamini mapema mashine za kupima mpira, unazunguka mara ngapi, unaanguka kiasi gani, mkono wa mrushaji unapita wapi, akaweza kuyatafsiri hayo kwa kijana wa miaka 18 bila kumchanganya. Halafu Juni 2022, katikati ya msimu, Twins wakiwa wanaongoza kundi lao, akaacha kazi ya ligi kuu akarudi chuoni LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana). Kuwa msaidizi! Watu walishangaa. Mwaka uliofuata LSU walikuwa na Paul Skenes, kijana aliyehamia kutoka chuo cha jeshi la anga ambako alikuwa anarusha na kudaka pia, na chini ya Johnson akawatoa wapigaji 209 kwa straiki (mipira mitatu halali inayomshinda mpigaji) msimu mmoja, rekodi ya ukanda wao wa SEC, ligi ya vyuo vikubwa vya kusini-mashariki mwa Marekani. LSU wakachukua ubingwa 2023, Skenes akachaguliwa namba moja na Pittsburgh, na Wes Johnson akapewa ukocha mkuu wa Georgia. Sasa niambie hapo kama msaidizi ni mtu wa kubeba koni tu.

Wa kupiga nao wana mambo yao, ila nitakuwa mkweli, kazi yao ngumu kuiona kwa macho, nyingi inafanyika ndani ya vyumba vya nyavu asubuhi wakati hatupo. Wa besi ya tatu utamwona tu, yule anayezungusha mkono kama feni kumwambia mkimbiaji endelea mpaka nyumbani (besi ya mwisho, ukifika ni pointi), au ananyanyua mikono yote miwili simama hapo hapo, na timu nyingi za vyuo nafasi hiyo anasimama kocha mkuu mwenyewe. Na kabla ya mechi ukiwahi utamkuta mmoja wao na lile gongo refu jembamba la mazoezi anapiga mipira ya chini kwa wachezaji wa ndani (wanaolinda karibu na besi), mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja taratibu ili mchezaji aje mbele, hakosei, na mpira wa mwisho anaupiga juu kabisa, wima, umshukie mdakaji. Ule mpira wa wima ni mgumu kuupiga kuliko unavyoonekana na makocha wanajua wenzao wanawaangalia.

Sasa tuje kwenye usajili maana huko ndo timu inajengwa. Kila benchi lina mtu wa kuongoza usajili na karibu kila mara ni msaidizi. Majira ya joto yote anazunguka kwenye viwanja, Georgia, Florida, Texas, jua kali, viwanja kadhaa mechi zinachezwa kwa pamoja, amekaa nyuma ya nyavu na kipima kasi anaelekeza kwa mrushaji wa kidato cha tatu, na kushoto na kulia kwake wamekaa wenzake wa vyuo vingine na vifaa vile vile wanamwangalia mtoto yule yule. Haangalii kasi tu. Anaangalia mtoto akitolewa anarudije benchi, anamjibuje mama yake, anabeba begi lake mwenyewe au anabebewa. Zamani walikuwa wanawaahidi watoto nafasi wakiwa bado wadogo sana, kidato cha kwanza au hata kabla, ikawa ni vurugu, na 2023 sheria ikabana, kocha hawezi kuwasiliana na mchezaji mpaka Agosti Mosi kabla ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Nafuu kubwa kwa watoto kwa maoni yangu. Ila na dirisha la uhamisho nalo limekuja, mchezaji wa chuo anahama karibu atakavyo, kwa hiyo msaidizi anasajili wapya na wakati huo huo anabembeleza wa kwake wasiondoke.

Na hesabu ya hela za masomo ndo ilikuwa inawatoa jasho. Mpaka majuzi timu nzima ya besiboli ilikuwa na skolashipu 11.7, sio 35, kumi na moja nukta saba, zigawanywe kwa wachezaji wasiozidi 27. Kwa hiyo msaidizi anakaa sebuleni kwa wazazi anawaeleza kwa nini mtoto wao anayerusha maili 94 atapata asilimia 40 tu ya ada na nyingine watafute wenyewe. Kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vilivyojiunga na makubaliano mapya ya mahakama (yaliyomaliza kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA) havina tena kikomo hicho cha skolashipu, badala yake kikosi kisizidi 34, yaani sasa mazungumzo sebuleni ni mengine kabisa, ni nani anabaki na nani anakatwa.

Hawa watu wanatoka wapi? Wengi ni wachezaji ambao ndoto iliishia ligi ndogo, zile za kulipwa zilizo chini ya ligi kuu. Wengine ni watoto wa makocha, kama Tony Vitello aliyekuwa kocha mkuu wetu hapa Tennessee, baba yake alifundisha besiboli sekondari ya De Smet kule St. Louis miaka na miaka. Wengine walimu wa shule. Siku hizi wapo na vijana waliotoka kwenye maabara binafsi za kufundisha kurusha, wanaojua kamera na kompyuta kuliko wanavyojua kuvaa jezi, na mwanzoni wazee waliwabeza ila leo wanawagombania. Lakini njia kubwa kuliko zote ni kukaa chini ya mtu. Hapa ndo patamu.

Chukua Vitello mwenyewe. Alicheza Missouri, akabaki hapo kuwa msaidizi mpaka 2010, chini yake akapita Max Scherzer, mrushaji aliyekuja kuwa nyota wa ligi kuu, akaenda TCU (chuo cha Texas Christian) kuanzia 2011 mpaka 2013 kama msaidizi wa Jim Schlossnagle, akaenda Arkansas chini ya Dave Van Horn, afu 2017 Tennessee wakampa timu ambayo haikuwa imegusa mashindano ya taifa toka 2005. Miaka karibu kumi na tano ya usaidizi. Juni 2024 kule Omaha, mji wa Nebraska, anacheza fainali ya taifa, upande wa pili nani? Schlossnagle, bosi wake wa zamani, wakati huo akiwa na Texas A&M. Tennessee wakashinda, ubingwa wao wa kwanza, mji huu haukulala. Na yule Josh Elander aliyekuwa msaidizi wake mkuu wa usajili hapa, alikuwa mdakaji wa TCU miaka ile ile Vitello alipokuwa msaidizi kule. Oktoba 2025 San Francisco Giants, timu ya ligi kuu, wakamchukua Vitello kuwa meneja wao (ndo kocha mkuu huko), moja kwa moja kutoka chuoni bila kupita ligi za kulipwa, na Tennessee hawakutangatanga, wakampa timu Elander. Wachezaji walimjua, wazazi walimjua, nusu ya kikosi yeye ndo aliwaleta.

Na siku chache baada ya fainali ile ile ya 2024 Schlossnagle akahamia Texas, mahasimu wakubwa wa A&M, presha ikapanda kwelikweli, na A&M mwisho wa siku wakampa timu kocha wao wa kupiga, Michael Earley. Yaani kwa kuwa wachezaji wanaweza kuhama, chuo kikimpoteza kocha mkuu dawa ya haraka ni kumshika msaidizi.

Miaka mitano nyuma ilikuwa hivyo hivyo. Fainali ya 2019 Vanderbilt na Michigan, Tim Corbin dhidi ya Erik Bakich, na Bakich alikuwa msaidizi wa Corbin Vanderbilt toka 2003 mpaka 2009. Corbin mwenyewe alikuwa msaidizi Clemson kwa miaka tisa chini ya Jack Leggett. Na Bakich alianza ukocha wapi? Clemson hiyo hiyo, 2002, kama kocha wa kujitolea. Leo ndo kocha mkuu wa Clemson.

Kocha wa kujitolea. Nilisema nitafika hapa. Kwa watu wa nje neno hilo linasikika kama mzee mstaafu anayekuja jumamosi kusaidia kuokota mipira. Hapana. Huyu alikuwa kocha kamili, anafika asubuhi kama wenzake, anasafiri na timu, anafundisha kupiga au anashika wachezaji wa ndani, tofauti yake ni kwamba chuo kilikatazwa na sheria za NCAA kumlipa mshahara na hakuruhusiwa kutoka nje kusajili. Niliwahi kufahamiana na mmoja wa aina hiyo, chuo sitakitaja, alikuwa anaishi kwa kambi za watoto za majira ya joto na kufundisha watoto wa watu jioni kwa saa, bima ya afya ya familia ilitoka kazini kwa mkewe, na mkewe ndo alikuwa analipa kodi ya nyumba. Jamaa alikuwa anajua kupiga kuliko yeyote niliyewahi kumsikiliza, anaweza kukueleza kwa nini goti la nyuma la mpigaji linamchelewesha ukabaki mdomo wazi. Mwishowe aliacha. Alipata mtoto wa pili.

Na sio kwamba NCAA walikuwa hawajui sheria inasemaje kuhusu kubana mishahara ya makocha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliweka kikomo cha dola 16,000 kwa mwaka kwa baadhi ya makocha wasaidizi, makocha wa mpira wa kikapu wakaenda mahakamani, wakashinda, 1998 baraza la wazee wa mahakama likatoa hukumu ya fidia ambayo kisheria ilizidishwa mara tatu ikafika karibu dola milioni 67, na 1999 wakamalizana kwa milioni 54.5. Ungesema wamejifunza. Lakini nafasi ya kujitolea kwenye besiboli ikabaki miaka yote hiyo, na hata 2019 lilipoletwa pendekezo la kuongeza msaidizi wa tatu wa kulipwa vyuo vikapiga kura ya hapana. Gharama, walisema. Mwishoni mwa 2022 makocha wa kujitolea wakafungua kesi California, Januari 2023 NCAA wakaifuta nafasi hiyo, na kuanzia Julai Mosi 2023 timu inaruhusiwa wasaidizi watatu wa kulipwa. Kesi nayo ikaishia kwenye makubaliano ya dola milioni 49.25 kwa makocha wapatao 1,000 waliofanya kazi toka mwishoni mwa 2018.

Kinachonikera sio hela peke yake, ni nani aliweza kuingia. Matt Holliday aliyecheza ligi kuu na kuchaguliwa mara saba kwenye All-Star, mechi ya nyota wa ligi, alikuja kuwa kocha wa kujitolea Oklahoma State ambako kaka yake Josh ni kocha mkuu, na ni vizuri sana kwa wale vijana, nani asingetaka kufundishwa na Holliday? Ila yeye aliweza kwa sababu hakuhitaji mshahara. Mtoto wa familia ya kawaida aliyemaliza chuo na deni la ada angewezaje kukaa miaka mitatu bila kulipwa ili ajulikane? Na kwenye vyuo ambako kocha mkuu mweusi ni wa kuhesabu ukiacha vile vya kihistoria vya watu weusi, mlango wa kwanza ukiwa ni wa bure basi unajua nani atabaki nje. Wanawake ndo kabisa. Julie Croteau alikuwa kocha msaidizi wa Divisheni ya Kwanza pale UMass (chuo kikuu cha Massachusetts) katikati ya miaka ya 1990, mwanamke wa kwanza, baada ya kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kucheza besiboli ya NCAA mwaka 1989. Miaka thelathini imepita na bado ukiona mwanamke kwenye benchi la besiboli ni habari ya gazeti.

Kuna watu wananiandikiaga, hasa kutoka Uganda ambako besiboli imekolea, vijana wao wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya watoto Williamsport, huku Marekani, 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Wanauliza dogo wangu ana kipaji, nimwandikie nani? Msimwandikie kocha mkuu, barua yake inapotea. Ingieni kwenye tovuti ya chuo, tafuteni ukurasa wa makocha, someni kila msaidizi anashika nini, afu mwandikieni yule wa usajili au wa nafasi ya mtoto wenu, mtumieni video fupi bila muziki, pembeni na mbele, pamoja na alama za shule. Na anzieni vyuo vya miaka miwili, makocha wa huko wanapenda kubahatisha kwa mchezaji ambaye hakuna aliyemwona.

Kuhusu ile nafasi ya tatu, tambueni kwamba sheria imeruhusu kulipa, haijalazimisha. Vyuo vikubwa vya kanda tajiri kama SEC na ACC hela ipo. Vidogo, vile vinavyosafiri kwa basi saa tisa kwenda kucheza jumanne, vingi bajeti ni ile ile, na msaidizi wa tatu anapewa kiasi ambacho hakilipi hata chumba. Msimu huu timu ndogo ikija kucheza hapa nitaangalia kwanza ukurasa wao wa makocha nione yule wa tatu ni nani, ametokea wapi, na mwaka jana alikuwepo au ni mpya tena.